Nasikia Redio Imeuzwa

Nilikuwa sijamaliza hata kumwamkia mjomba vizuri. Nimeshuka kwenye bodaboda kutoka Newala mjini, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, nimetoa shikamoo, ameitikia marahaba, na swali la kwanza likawa hilo:

"Mjomba, wewe si ndiyo mwandishi wa habari. Hivi ile redio imeuzwa?"

Sikujua ameongelea redio gani. Kumbe Chilangala nzima ilikuwa inaongelea hiyo hiyo. Ni kituo kimoja cha huku kusini ambacho sitakitaja jina, na naomba msomaji asihangaike kukitafuta, maana ninachotaka kusimulia kingeweza kukipata kituo chochote cha wilayani. Ilikuwa msimu wa korosho, watu wana hela kidogo na maneno mengi, na kila kijiwe kilikuwa na mnunuzi wake. Kwa muuza kahawa walisema kanunua mtu anayejiandaa kugombea ubunge. Kwenye ghala la chama cha msingi walisema ni mfanyabiashara wa korosho, anataka awe anatangaza bei anayoipenda yeye. Mama mmoja aliyekuwa anakausha mihogo aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni dhehebu la dini, kwa kuwa siku hizi saa kumi jioni kuna mahubiri. Vijana wa bodaboda walikuwa na jibu fupi: Dar. Wamenunua watu wa Dar.

Nikawauliza ushahidi. Hapo ndipo niliposhika kalamu. Hakuna aliyetaja mkataba, hisa wala kiasi cha fedha. Walitaja vipindi. Mtangazaji wa asubuhi, aliyezoea kuwataja wazee wa vijiji kwa majina, hasikiki. Kuanzia saa sita mchana zinaingia sauti ngeni, zinacheka sana, zinaongelea foleni ya Mwenge na Ubungo. Matangazo ya kampuni za kubashiri yamekuwa kila baada ya wimbo. Na matangazo ya vifo, yaliyokuwa yakisomwa saa saba mchana, yamesogezwa usiku.

"Ng'ombe akiuzwa," mjomba akasema, "unajua kwa sababu kengele inalia zizi jingine."

Mimi nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu, nimefundishwa umiliki wa vyombo vya habari kwa michoro na mishale. Sikuwahi kufundishwa kwamba msikilizaji wa kijijini anausoma umiliki kwa sikio. Tangu siku ile nimekuwa nikiipitia upya historia ya redio nchini nikiwa nimesimama pale Chilangala, na siyo Barabara ya Pugu ambako watu wengi huianzia. Inakuwa historia tofauti kidogo.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha Sauti ya Dar es Salaam, mitambo midogo, matangazo ya majaribio yasiyofika mbali na mji. Mwaka 1956 ikageuzwa kuwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kuigiza mfano wa BBC: chombo cha umma chenye bodi yake, kwa maandishi hakimo mfukoni mwa waziri. Mwaka 1965 Bunge likalivunja shirika hilo na redio ikaingia moja kwa moja wizarani. Ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Watafiti huliita tukio hili utaifishaji, na kweli ndivyo lilivyo, ila lina jambo la ajabu: kilichotaifishwa kilikuwa tayari cha umma. Hakuna tajiri aliyenyang'anywa. Kilichobadilika ni nani anampigia simu mkuu wa vipindi.

Sasa kwa mtu wa Uwanda wa Makonde mabadiliko hayo yote matatu yalikuwa nini? Mjomba anasema kwake yalikuwa majina. Sauti ilikuwa inatoka kule kule, Dar, kilomita mia kadhaa na Mto Rufiji katikati, na ule mto ulikuwa unaikata barabara ya kusini kila masika. Gari lilikwama, barua ilikwama, sauti ilipita. Kwa hiyo redio ilikuwa ndiyo serikali yenyewe, si chombo cha serikali. Ikisema kuna mbolea, kuna mbolea. Ikinyamaza juu ya jambo, jambo hilo halijatokea.

Na RTD ile, tukiwa wakweli, ilijua kuubeba mzigo huo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, nchi nzima, redio moja katikati, mtu mmoja mwenye kijitabu, kisha watu wanaondoka kwenda kuchimba choo. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Ukitaka kuona maana ya redio yenye mmiliki mmoja na msikilizaji asiye na kituo kingine cha nyumbani cha kuhamia, iko hapo, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Mazungumzo Baada ya Habari yalikupa taarifa ya habari na namna ya kuielewa taarifa hiyo, yote kwa mkupuo mmoja. Ulitaka kubisha, ulibisha na ukuta.

Lakini uwanda huu haukuwahi kuwa na sikio moja. Simama Newala pale Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda, utazame chini. Bonde linateremka mpaka Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili. Vita vya FRELIMO vilipoanza Septemba 1964 ng'ambo ile, huku hawakuvisoma gazetini, walipokea wageni wenye mizigo kichwani. Na FRELIMO ikapewa nafasi ya kutangaza kutoka Dar es Salaam, kwenye mitambo ya RTD, kama walivyopewa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Sauti iliyotoka Dar ikapita juu ya vichwa vya watu wa Chilangala na kwenda kumwambia mtu wa Mueda mambo ya Mueda. Mara ngapi mtu anaishi katikati ya redio na msikilizaji aliyekusudiwa?

Ng'ambo huko ndiko nilikokuta kisa cha redio iliyobadilishwa kweli, siku na tarehe. Rádio Clube de Moçambique ya Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo, haikuwa ya serikali, ilianza kama klabu ya watu wapenda redio. Ndani yake kulikuwa na idhaa ya Kiingereza, LM Radio, iliyokuwa ikipiga muziki wa vijana na kupata fedha za matangazo ya biashara kutoka kwa Wazungu wa Afrika Kusini, ambao redio yao ya taifa ilikuwa imejaa mawaidha. Yaani kituo kilikuwa Msumbiji na msikilizaji aliyelengwa hakuwa Mmsumbiji. Mwaka 1972 shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, likaichukua idhaa ile kuiendesha. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Oktoba mwaka huo huo Rádio Clube ikataifishwa, LM ikafungwa, ikabaki Rádio Moçambique. Waliolia walikuwa Johannesburg. Sijawahi kusikia kwamba mtu wa Cabo Delgado alilia. Hakuwahi kutajwa humo, hata siku moja.

Neno hilo, kutajwa, ndilo linalonirudisha kwenye matangazo ya vifo, na hapa nitakaa kidogo. Ninyi wapenzi wa fasihi mnaosoma ukurasa huu mtanielewa.

Tunapoisifu RTD kama nyumba ya fasihi huwa tunataja Pwagu na Pwaguzi, Mama na Mwana, mashairi ya Malenga Wetu, na zile bendi zilizorekodiwa studioni pale kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, wanaotaka sahani wakaenda Nairobi. Vyote hivyo vinastahili sifa. Ila utungo uliosikilizwa kwa makini kuliko yote, kimya kabisa, mkono umesimama hewani na tonge, ulikuwa tangazo la kifo. Lina kanuni zake kama shairi lenye vina. Linaanza na mtoa taarifa na mahali alipo. Linasikitika. Linamtaja marehemu, kilichotokea wapi, lini. Halafu linafika kwenye kiini chake, orodha: habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, fulani wa fulani, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Ile orodha ndiyo kazi yenyewe. Kwa sentensi moja mtangazaji anachora ramani ya ukoo: mmoja yuko shamba la mkonge Tanga, mwingine Kariakoo, mwingine Mahuta, mwingine Kitangari. Nchi nzima inasikia kwamba kuna mahali panaitwa Mnyambe na kwamba mtu wa Mnyambe ana mtoto Morogoro. Kwa watu ambao vitabu vya kusini vimewataja zaidi kama wachonga vinyago na wenye ndonya, kusomwa jina na kijiji chako kwenye redio ya taifa haikuwa jambo dogo.

Na tangazo hilo lililipiwa. Tusisahau. Redio ile ya ujamaa ilikuwa na idhaa ya biashara, na tangazo lilikuwa tangazo. Ukoo ulichanga, ukapunguza maneno, ukagombana nani atajwe na nani aachwe. Mjomba anamkumbuka mzee mmoja aliyekataa kula siku mbili kwa kuwa ameachwa kwenye orodha ya msiba wa dada yake. Mimi naona hapo palikuwa na aina ya umiliki ambayo haimo kwenye michoro ile ya chuoni: umiliki wa dakika moja, wenye risiti.

Kisha soko likafunguliwa. Na hapa kusini tuna sehemu yetu kwenye habari hii. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwanasiasa. Aliongoza The Nationalist, baadaye Daily News, na kati ya 1990 na 1992 alikuwa waziri aliyeshika habari na utangazaji. Mwaka 1993 ikaja Sheria ya Huduma za Utangazaji, tume ikaundwa, leseni zikaanza kutolewa kwa watu binafsi. Mwaka 1994 Radio One ya Reginald Mengi ikaingia hewani. Radio Tumaini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ikafuata mle mle, Mwanza ikapata Radio Free Africa, Radio Maria ikaanzia Songea mwaka 1996, na kabla ya karne kwisha Clouds ilikuwa inawafundisha vijana kuongea. Mkapa mwenyewe akawa Rais 1995 mpaka 2005, muongo ambao redio za FM zilichipua kama uyoga.

Ila sheria ile ilikuwa na vizingiti. Mwenye hisa nyingi lazima awe Mtanzania. Na vituo binafsi kwa miaka ya mwanzo havikuruhusiwa kuifikia nchi nzima, vilipewa mikoa michache, mitano basi. Ukimpa mfanyabiashara mikoa mitano achague, na anaishi kwa matangazo ya sabuni na bia, hatachagua Mtwara kwanza. Simlaumu. Kwa hiyo wakati Dar inabadilisha vituo kama shati, uwanda ulibaki na RTD ile ile, pamoja na masafa mafupi ya BBC na Deutsche Welle kwa wenye redio nzuri na subira.

Hata RTD ile haikubaki. Mwaka 2002 iliunganishwa na Televisheni ya Taifa kwenye taasisi moja, na mwaka 2007 jina likawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, chini ya Tido Mhando aliyetoka kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. RTD ikawa TBC Taifa. Hii nayo ilizaa uvumi wake: watu wengi tu waliamini redio ya taifa imebinafsishwa, kwa kuwa ilikuja wakati mashirika mengi ya umma yalikuwa yamebinafsishwa kweli, na jina jipya kwa Mtanzania wa miaka ile lilimaanisha mwenye mali mpya. Haikuuzwa. Lakini kilichofuata ni cha kuchekesha kidogo: dili kubwa la hisa lililomhusu mtangazaji wa taifa lilihusu ving'amuzi, ile kampuni ya Star Media ambayo StarTimes ya China ilichukua asilimia 65 na TBC asilimia 35. Dili la kweli lilipopita, kule kwetu halikuwa na kijiwe. Halikugusa saa ya vifo.

Nimelinganisha na Kenya ili nione kama huu ni ugonjwa wetu peke yetu. Kule mauzo yamekuwa ya wazi zaidi. Rose Kimotho alianzisha Kameme FM mwaka 2000, kituo binafsi cha Kikikuyu, baadaye akaanzisha K24. Mwishoni mwa muongo ule vyote vikaingia Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Watu walinong'ona, walijadili, wengine walikasirika, lakini Kameme ikaendelea kuwa Kameme. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi alikuwa amenunua Kikikuyu. Ukiiondoa lugha hakuna ulichonunua. Mwaka 2016 Nation Media Group walipoamua kufunga QFM, kituo chao cha Kiswahili, kilizimwa tu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimejaa kila mahali kwenye mkebe wa redio wa Kenya.

Tanzania redio haziruhusiwi kutangaza kwa lugha za makabila. Sababu zake tunazijua tangu shuleni na mimi si mpinzani wake, Kiswahili ndicho kilichonipa kazi. Ila kina bei yake kwenye soko la redio na sijaona watu wakiitaja. Kituo cha Newala kinaongea lugha ile ile ya kituo cha Mikocheni. Basi unaweza kukiondoa mchana, ukaweka sauti ya Mikocheni mahali pake, na kwa mwenye kusaini mkataba hakuna kilichobadilika: Kiswahili kimeingia, Kiswahili kimetoka. Kinachokifanya kituo kiwe cha Newala ni majina tu. Majina ya vijiji, ya wafu, ya vyama vya msingi, bei ya korosho kwenye mnada wa TANECU wa wiki hiyo. Ukiondoa majina umekihamisha kituo bila kuhamisha mnara.

Na bei ya korosho si porojo. Novemba 2018, serikali ilipotangaza itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kuibeba, hapa watu walishinda na redio begani. Nani kahakikiwa, nani bado, ghala gani limefunguliwa. Sauti inayocheka kuhusu foleni ya Ubungo haikujibu swali hilo hata kwa bahati mbaya.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilirudi mjini nikaanza kuuliza. Kwa mujibu wa utaratibu, leseni za maudhui ziko kwa ngazi, kitaifa, kimkoa, kiwilaya, za biashara na zisizo za biashara, na hisa zikibadilika mikono TCRA inapaswa kujua. Nilifuatilia kwa wiki tatu, simu hazipokelewi, nyingine zinapokelewa na kukatwa nikijitambulisha. Mwisho alinisaidia mtu wa ndani, fundi mitambo, mtu mpole, tukanywa chai kwenye kibanda karibu na stendi ya Masasi.

"Redio haijauzwa, kaka," akaniambia. "Zimeuzwa saa."

Akanifafanulia huku anahesabu kwa vidole. Mwenye kituo ni yule yule, leseni ni ile ile, hisa hazijaguswa. Ila umeme, mafuta ya jenereta, mishahara, ada, vyote vimemshinda. Matangazo ya biashara huku yanakuja msimu wa korosho, mabati na pikipiki na sherehe za jando, kisha kuanzia Machi ni ukame. Akakodisha saa sita mpaka kumi mchana kwa watu wanaorusha matangazo kutoka Dar, pamoja na matangazo yao ya kubashiri. Saa moja ya jioni akawapa wahubiri, kwa mwezi. Asubuhi ikabaki, ila mtangazaji akawa hajalipwa, akaondoka. Matangazo ya vifo hayakufutwa na mtu yeyote. Yalikosa mahali pa kukaa tu, maana saa saba mchana ilikuwa imeshapangishwa.

Kwa hiyo kijiwe cha kahawa kilikosea, na wote wanne walikosea: hakuna mgombea, hakuna mnunuzi wa korosho, wahubiri ni wapangaji wa saa moja, na watu wa Dar hawajanunua hata waya. Lakini sikiliza vizuri. Kila walichokisema kuhusu walichosikia kilikuwa kweli. Nami mwenye digrii, kama ningekwenda kwenye makaratasi peke yake, ningeandika kwamba uvumi ni uongo, umiliki haujabadilika, habari imekwisha. Ningekuwa sahihi na ningekuwa nimedanganya.

Nilimpelekea mhariri mmoja habari hii. Akaniuliza, "Sasa nani kauza nini kwa nani?" Nikamwambia amekodisha. Akasema kukodisha si habari.

Nitasema na hili, ingawa sikupanga. Bibi yangu, mama yake mjomba, alifariki mwezi wa pili baada ya ziara ile. Alfajiri. Kwetu maziko hayangoji, ilikuwa saa kumi alasiri. Mjomba alituma kijana mjini na hela na karatasi yenye orodha, ameiandika kwa mkono wake, hakumwacha mtu. Tangazo lilipokelewa, likalipiwa, likasomwa saa nne usiku, vizuri kabisa, hakuna jina lililokosewa. Wajukuu wa Mahuta walifika kesho yake asubuhi na kanga zao na mchele, wakamkuta bibi ana siku moja kaburini. Najua mtaniambia habari za WhatsApp. Kundi la ukoo lipo, mimi mwenyewe nimo. Lakini binamu zangu wa Mahuta wana kitochi, na mmoja hana hata hicho, ana redio. Mchana kutwa ilikuwa imewashwa. Wakati tunamshusha bibi wao walikuwa wanasikiliza watu wakibishana kuhusu mechi ya Uingereza.

Mjomba hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama ile karatasi ilirudi, kijana akasema imebaki kule ofisini. Hilo ndilo lililomuuma, naona, maana ilikuwa ramani ya watu wote na hakuwa na nakala.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka Newala na redio yake ndogo ya betri, ana shughuli zake mjini. Gari lilikuwa bado, tukatembea mpaka Shimo la Mungu kama watalii. Kulikuwa na ukungu chini, Ruvuma haionekani. Akawasha redio, akazungusha. Kituo chetu kilikuwa saa zake za kupangishwa. Akapita TBC Taifa, ambayo mpaka leo anaiita RTD, akapita mahubiri, akafika kwenye Kireno kilichokuja kizima kama kimekaa pembeni yetu. Akakiacha.

"Unasikia wanachosema, mjomba?" nikamuuliza.

"Sisikii neno," akasema. "Ila mwenyewe namjua ni nani."